Bulguri ya Uturuki: Goma nunua ile laini

Ukikuta bulguri ya Uturuki kwenye duka la vyakula vya nje hapa Goma, usilipe kabla ya kusoma pakiti. Köftelik ni laini, punje kama chenga za mchele. Pilavlık ni nene, ya kupika kama wali: kikombe 1 kwa maji vikombe 2. Si mbaya, lakini mchele upo na hauna shida. Zote mbili ni ngano iliyochemshwa, ikakaushwa, ikavunjwa, kwa hiyo asiyepatana na ngano aziache.

Laini inastahili faranga zake kwa sababu ya mercimek köftesi, vitonge vya dengu visivyo na nyama, yai wala maziwa. Chemsha kikombe 1 cha dengu nyekundu katika maji vikombe 3 mpaka zivurugike kama uji. Dengu za kijani hazifai, hazivurugiki. Mapishi ya Kituruki husema dakika 15 hadi 20. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, basi hesabu 25 au zaidi. Epua wakati uji bado mwepesi, mimina robo tatu ya kikombe cha bulguri, koroga, funika dakika 30. Usirudishe kwenye makala: mvuke unatosha, na chini itaungua.

Hapo ndipo wengi huharibu. Uji ukikauka mno, bulguri hubaki kama mchanga mdomoni. Nyunyizia maji ya moto, funika tena. Ukiwa na maji mengi, kitonge hakishiki. Ongeza bulguri kijiko kimoja kimoja, na ungoje.

Kasoro ya pili ni nyanya. Waturuki hutumia salça, yaani tomati yao ya kusagwa, nzito na yenye chumvi. Tomati ya kopo dogo ni nyepesi na ina ukali wa uchachu. Kaanga vijiko 2 pamoja na kitunguu katika mafuta mengi kiasi mpaka ibadilike rangi, nyekundu iliyoiva, ndipo uchanganye kwenye dengu pamoja na bizari ya pilau na chumvi.

Ndimu, majani ya kitunguu na persili vingoje mchanganyiko upoe. Vikiingia kwenye moto wa dengu, majani hunyauka na kuwa meusi. Finyanga kwa mkono uliolowa maji, panga juu ya majani ya saladi, ule siku hiyohiyo kama huna friji.