SLIME ndani ya Emacs: dibaga ya Lisp inayokungoja urekebishe

Chukua programu inayokokotoa wastani wa bei ya gunia la viazi Soko la Kongowea. Siku mzigo usiposhuka, orodha ya bei huwa tupu, na funksheni `wastani` inagawanya kwa sifuri. SBCL, kompaila ya lugha ya Lisp, haifi hapo. Inasimama, data yote uliyokwisha kupakia ikiwa hai, na kukungoja uamue. Ila kwenye terminali tupu, miito (orodha ya funksheni zilizoitana hadi kosa) uiombe kwa kuandika, na msimbo ukautafute dirisha jingine. SLIME, kifurushi cha kuandikia Lisp ndani ya kihariri cha Emacs, inayaweka yote mkononi.

Kosa likitokea, bafa mpya (ukurasa wa maandishi ndani ya Emacs) inafunguka. Juu kuna maelezo ya kosa, katikati njia za kutokea zenye namba, chini miito iliyofikisha hapo. Peleka kishale kwenye mstari wa `wastani`, bonyeza `t`: utaona BEI = NIL, yaani orodha tupu, na chanzo cha kosa kimejulikana. Bonyeza `v`, Emacs inakupeleka kwenye msimbo wenyewe. Ongeza sharti la orodha tupu, kompaili kwa C-c C-c (Ctrl na c, mara mbili), rudi kwenye bafa, bonyeza `r`. Mwito ule ule unaanza upya ukitumia funksheni mpya, bila kupakia tena hata mstari mmoja wa bei. Kwa hili peke yake inafaa kuisakinisha.

Lakini `r` itakataa, na baadhi ya miito haitaonekana kabisa, usipoweka hii mwanzoni mwa faili kabla ya kukompaili:

`(declaim (optimize (debug 3)))`

Sababu ni kwamba SBCL ikikompaili kwa mipangilio ya kawaida hufuta fremu (kumbukumbu ya mwito) ya funksheni ambayo kazi yake ya mwisho ni kuita nyingine. Wengi huilaumu SLIME kwa jambo hili, na si haki.

Ukisahau kuandika funksheni inayoitwa, raha ni ile ile: iandike sasa, C-c C-c, kisha bonyeza `0`, namba ya njia ya kutokea ya kwanza, na kazi inaendelea pale ilipokwama.

Udhaifu upo. Bafa haikuonyeshi vitufe, kwa hiyo mgeni hubaki akiitazama tu. C-h m (Ctrl na h, kisha m) itakuorodheshea. Njia za kutokea RETRY, *ABORT na ABORT zikipangana, hakuna anayeelewa haraka kwamba ya mwisho inaua uzi (thread) mzima. Ukikosea tena ukiwa ndani, kwa mfano unapojaribu usemi kwa `e`, ngazi ya pili inafunguka juu ya ya kwanza: `a` inakushusha ngazi moja, `q` inakutoa moja kwa moja. Na fremu 20 za mwanzo, nyingi zikiwa za SWANK, sehemu ya SLIME inayokaa upande wa Lisp, zinajaza skrini ya laptopu ndogo. Punguza kwenye faili la mipangilio la Emacs:

`(setq sldb-initial-number-of-frames 8)`

Zilizobaki zinafichwa chini ya `--more--`. Bonyeza RET (Enter) hapo.

Kusakinisha ni rahisi: M-x (Alt na x) package-install, `slime` kutoka MELPA, hazina ya vifurushi vya Emacs, elekeza `inferior-lisp-program` kwenye `sbcl`, halafu M-x slime.