Chupi za kufua za kuzuia mkojo: nimezivaa miezi minne

Nilinunua nne kwa mpigo Kariakoo mwezi wa tatu, shilingi 15,000 kila moja, na muuzaji akagoma kushusha hata mia tano. Sikuwa na nguvu ya kubishana. Wiki ile ile, kabla sijazinunua, kwenye shughuli ya binti wa shangazi, mwanangu wa pili akiwa na miezi mitatu, nilicheka kidogo tu dera likalowa. Nikasingizia soda.

Kwa nje ni chupi nyeusi ya kawaida, nene kidogo, inapanda hadi kitovuni. Ndani ina tabaka tatu: pamba inayogusa mwili, kitambaa kinachonyonya, na chini yake kitu laini kama nailoni cha kuzuia maji yasipite. Mimi maneno ya dukani siyaamini, nikaijaribu bafuni kwanza. Vikombe viwili vya kahawa, vile vidogo vya wauza kahawa wa mtaani, viliingia bila tone kutoka. Cha tatu kikatokea pajani. Kwa mkojo wa chafya na kikohozi zinatosha kabisa. Kibofu kikiwa kimejaa, usijidanganye.

Harufu sijaisikia, hata siku niliyokaa kwenye foleni ya daladala saa nzima. Shida ni kukauka. Wakati wa masika, chupi moja ilining'inia kambani siku mbili, kwa hiyo nne hazitoshi. Usizitie dawa ya kulainisha nguo, zitaacha kunyonya. Na chukua saizi moja juu ya yako, zinabana mapajani.

Sasa uongo wa muuzaji. Aliniambia, "Mama, hizi zinakaza misuli, mwezi mmoja umepona." Chupi haikazi kitu, inapokea tu. Aliyenisaidia ni dada wa fiziotherapia niliyepelekwa na nesi wa kliniki. Alinieleza kwamba mimba na kusukuma mtoto hulegeza misuli ya chini ya nyonga inayobeba kibofu, kisha akasema bila aibu: "Kaza kama unazuia ushuzi mbele ya mkweo." Nilicheka, na mnajua kilichotokea. Unakaza ukihesabu polepole, huku unapumua, unaachia kabisa, unarudia hadi mara kumi, mara tatu kwa siku, miezi mitatu bila kukata tamaa. Kabla ya kunyanyua ndoo au kupiga chafya, unakaza kwanza. Hili la ndoo ndilo lililonisaidia mapema kuliko yote. Mimi nilianza kuona tofauti wiki ya saba hivi.

Mama mkwe alinishauri nipunguze maji ya kunywa. Yule dada akakataa: mkojo ukiwa mzito unakichokoza kibofu, na choo kikiwa kigumu unajikamua, misuli inazidi kulegea. Alichonipunguzia ni chai ya rangi, na hiyo ndiyo iliniuma.

Kuna ambao chupi hizi haziwahusu. Kama mkojo unatoka muda wote, umekaa au umelala, hasa baada ya uchungu wa muda mrefu, hiyo huenda ni fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke, inatibika hospitali. Hospitali ya CCBRT hapa Dar hutibu fistula bure. Na mjamzito akisikia mkojo unachoma, akapime. Mimba yangu ya kwanza nilidhani ni mambo ya ujauzito, kumbe UTI, maambukizi ya njia ya mkojo, na ikiachwa hupanda hadi kwenye figo na inaweza kuleta uchungu kabla ya siku zake.

Siku hizi nazivaa nikienda kwenye shughuli tu, maana kucheka sijaacha. Juzi nilirudi kwa muuzaji yule yule kumnunulia wifi yangu, ana mimba ya miezi saba na ameshaanza mazoezi. Safari hii kashusha elfu moja.