Lushoto ya bure: uzoefu wangu, na yule kijana wa filimbi

Naandika nikiwa bado na hasira na safari yenyewe ishapita muda, kwa hiyo mjue ni hasira ya kiwango gani. Na kabla mtu hajaniambia "dada, buku mbili tu ndo unaandikia maelezo yote haya", siyo buku mbili (shilingi elfu mbili). Ni filimbi. Mimi na mama yangu mzazi tumepigiwa filimbi kama ng'ombe walioingia shamba la watu.

Haya, twende taratibu. Lushoto, kule milima ya Usambara mkoani Tanga, nilienda kwa sababu watu walikuwa wanausifia kwamba ni mji ambao ukiwa na miguu na sweta umemaliza, huhitaji kiingilio cha sehemu yoyote, na nisiwe mnafiki, kwa sehemu kubwa ni kweli. Raha inaanza hata hujafika. Pale Mombo unashuka kwenye lile joto, unaingia Kosta au Noah ya kubanana, halafu zile kilomita 30 na ushee za kona za kupanda mlima, kila ukipita kona kadhaa unahisi hewa imebadilika, unafunga dirisha, mbele kidogo unatafuta mtandio. Ukiweza kaa dirishani, maana maporomoko ya Soni unayaona kando ya barabara bila kumlipa mtu, na kama mvua zimenyesha ndo yanapiga kelele kabisa. Mama alianza kusema "ona, ona" tangu huko mpaka tunashuka stendi, na mama yangu siyo mtu wa ona ona.

Mji wenyewe mdogo, uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, ndo maana Wajerumani walivyoufikia waliung'ang'ania wakaupa jina lao, Wilhelmstal, wakawa wanapanda kukimbia joto la pwani. Majengo ya zamani bado yapo na kuyatazama ni bure. Msitegemee bustani ya mji yenye mabembea na viti vya chuma, mimi sikuifuata hiyo wala sikuitafuta. Bustani ya Lushoto ni milima yenyewe, unachagua njia yoyote ya miguu inayopanda, unapanda, basi.

Na hapa lazima nisifie kidogo maana nikifika kule chini sitaweza tena. Njia zinapita katikati ya mashamba ya watu, kabichi huku, karoti kule, maharage, migomba, matuta yamepangwa mpaka juu kabisa mlimani unajiuliza aliyelima pale alisimamaje. Hakuna geti. Unasalimia, unapita. Wasambaa kwa salamu jamani wamejaliwa, mtu yuko juu huko na jembe anaacha kazi anakusalimia wewe usiyemjua, anamwamkia mama shikamoo, anauliza mmetoka wapi, halafu anawaelekeza njia ya mkato ambayo siyo ya mkato hata kidogo (ni ya mkato kwa magoti yao wao). Kuna mama mmoja alitupa mapeasi, nikatoa hela akakataa kabisa, akasema mgeni analipaje. Mkumbukeni huyu mama nitamrudia. Vinyonga tumeviona, watoto walituonyesha mmoja kwenye tawi mama akakimbia. Yale maua madogo ya zambarau ambayo wazungu wanayalea kwenye vyungu madirishani, asili yake ni milima hii hii ya Usambara, kuna Mjerumani mmoja mtawala wa enzi hizo, Walter von Saint Paul-Illaire, ndo aliyapeleka kwao miaka ya 1890, wakayaita Saintpaulia kwa jina lake yeye, siyo la mlima. Hayo porini sikuyaona maana muda mwingi nilikuwa naangalia pa kukanyaga.

Sasa.

Kuna sehemu ya kutazama bonde. Jina sitaji, na msije mkadhani ni Irente au kule kijiji cha Mambo wanakoenda wageni wengi kutazama bonde, ni sehemu nyingine kabisa haina hata kibao, mwenyeji alituambia tu nyie nendeni pale mkaone nchi ilivyo chini, ni bure. Na kweli nchi iko chini. Unasimama ukingoni mwa mwamba, kule chini tambarare inaenda mpaka macho yanachoka, mashamba ya mkonge yamepangwa mistari, reli, barabara kuu ya kwenda Arusha, malori yanapita na hayasikiki. Sitaki kuongeza chumvi ila nilinyamaza, na mimi kunyamaza waulize wanaonijua.

Mama ana magoti. Wenye mama wenye magoti wananielewa. Amekipanda kile kilima kwa kupumzika pumzika, hajalalamika, kafika juu, kaona jiwe bapa, kashusha mkoba, kakaa. Hajamaliza hata kusema alhamdulillah, filimbi. Priiiii!

Anatokea kijana, fulana ya njano, kitambulisho kinaning'inia kifuani kimegeukia nyuma, na nawaambia muda wote tuliokaa pale kile kitambulisho hakikugeuka mbele hata mara moja. Shikamoo hakuna. Habari hakuna. Kwa mtu wa umri wa bibi yake!

"Hapo hapakaliwi."

Nikamwambia habari yako mdogo wangu, samahani, kuna shida gani?

"Kukaa ni buku mbili."

Nikadhani sijasikia vizuri. Kukaa wapi, lodji?

"Kukaa kwenye jiwe. Kusimama bure."

Ndugu zangu. KUSIMAMA BURE. Nikamuuliza, na kuchuchumaa je? Nilikuwa namtania kusudi acheke yaishe. Hakucheka. Alifikiria, yaani alifikiria kabisa akaangalia pembeni, akasema kuchuchumaa inategemea na muda.

Nikaomba risiti. Risiti ziko ofisini. Ofisi iko wapi? Imefungwa. Nikasema basi nipe kontrol namba nilipie kwa simu, maana siku hizi hela ya serikali hata faini inakuja na kontrol namba, akaniambia "dada wewe unaonekana mgumu". Mimi mgumu! Nimetoka nyumbani sijagombana na mtu, nimesalimia mlima mzima, mgumu ni mimi. Alivyoona kwangu hapapitiki akahamia kwa mama, "bibi, hebu ongea na mwanao", na mama kwa kutopenda ugomvi akaanza kufungua fundo la khanga atoe zake. Hapo ndo nikalipa, siyo kwa kukubali, kwa aibu. Nikatoa buku mbili ya mama. Akaipokea mkono wa kushoto (nayo hiyo naiweka hapa ijulikane), akanigeukia, "na wewe?"

Mimi nasimama, nikamwambia.

Na nikasimama. Mama amekaa anatazama bonde anataja majina ya vijiji ambavyo hata havijui, mimi wima pembeni yake nyayo zinawaka moto, na kijana naye wima ananichunga nisije nikaegemea.

Niliporudi nikamhadithia binamu yangu ambaye yuko halmashauri, siyo ya huko, nikitegemea atakasirika na mimi. Ndugu wa serikalini hawafai. Akaanza kunielimisha, eti tulia, ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji, sheria Na. 5 ya mwaka 1999 ndo inavyosema, na kijiji kinaweza kutunga sheria ndogo kikatoza ushuru, ila lazima ipelekwe mkutano mkuu wa kijiji wananchi waijadili, kisha halmashauri ya wilaya iidhinishe, na hela ikipokelewa unapewa stakabadhi. Kwa hiyo, akasema, inawezekana kabisa ile buku mbili ni halali. Nikamuuliza, na filimbi nayo imepita mkutano mkuu? Akasema nimeshaanza. Ndiyo, nimeanza, kwa sababu hapo pa stakabadhi amepataja mwenyewe na mimi stakabadhi sina.

Lakini sasa ngoja niwe mkweli maana kuna kitu sijakisema. Tulivyokuwa tunashuka tulimkuta tena yule mama wa mapeasi nikamwaga yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema huyo kijana namjua, ile njia mliyopandia masika iliikata ikawa korongo, yeye na wenzie ndo walioichonga upya wakaweka zile ngazi za magogo, na hakuna aliyewapa hata mia. Nikanyamaza tena. Kwa sababu zile ngazi zilikuwepo kweli, mama alizipanda moja moja amenishika bega, na bila zile ngazi mama yangu angeishia nusu ya kilima. Kwa muda kidogo nilitaka kurudi juu nikampe buku mbili nyingine.

Halafu nikafikiria tena nikakasirika upya, na safari hii vibaya zaidi. Si ungesema! Ungesema shikamoo mama, karibuni, njia hii tumeitengeneza wenyewe vijana wa hapa, mkiguswa tuachieni chochote, mimi ningetoa buku tano, ningepiga picha na nyinyi, ningewatangaza mpaka kwenye grupu la familia ambalo hakuna anayelisoma. Ngazi aliyoichonga kwa jasho lake ananipa bure, jiwe alilolikuta hapo ndo ananiuzia. Biashara gani hiyo? Na mtu akilipia jiwe kwa hasira hivi unategemea atarudi?

Na msinielewe vibaya kwamba mimi ni wa kutaka vya bure tu. Msitu wa Magamba ni hifadhi ya mazingira asilia, uko chini ya TFS, wakala wa serikali wa misitu, una kiingilio chake na utaratibu wake, tukalipa, tukapata mwongozaji, tukatembea chini ya miti mirefu hata jua halifiki, mbega tukawaona kwa mbali huko juu wanaruka. Umenisikia nikilalamika? Sina neno. Mtu akiniambia bei mapema na akamwamkia mama yangu mimi nalipa.

Kwa hiyo uende au usiende? Mimi ningesema usiende, halafu nakumbuka ile hewa. Nenda. Ila mwezi wa sita na wa saba ni baridi ya kweli, siyo hii ya kujifunika kitenge, na ukungu ukishuka unaweza kupanda saa nzima ukafika ukingoni ukaona weupe mtupu. Viatu viwe na meno, udongo ukilowa unateleza vibaya. Irente ni kama kilomita 5 kutoka mjini, kwa miguu unafika vizuri tu, ukichukua bodaboda patana bei kabla hujapanda. Tembea na noti ndogo ndogo. Na popote mtu akikudai hela ulizia stakabadhi kwa upole, hata kama huipati, angalau na yeye akalale anaifikiria.

Nyota. Nilikaa chini kuandika hii nikiwa na nia ya kutoa moja. Nikikumbuka mapeasi inakuwa tatu. Zile ngazi za magogo, haya, nne. Filimbi, rudisha tatu, na ile ya kuchuchumaa inategemea na muda ningeweza kushuka mpaka mbili ila naogopa nitakuwa nimewaonea wale wakulima walioacha majembe kutusalimia, wao wamekosa nini. Tatu basi. Mama nimemsomea anasema acha roho mbaya, andika tano, hajawahi kufika mahali pazuri vile. Yeye si alikaa.