Duxford siku ya kawaida: uzoefu wangu na Spitfire

Rafiki zangu wakishajua kwamba napenda Spitfire, ile ndege ya kivita ya Waingereza ya Vita vya Pili vya Dunia, huniuliza tiketi za maonyesho ya ndege ya Duxford, uwanja wa makumbusho huko Uingereza, zinaanza kuuzwa lini. Jibu langu huwavunja moyo: usiende siku ya maonyesho. Nenda Jumanne. Nenda siku ya mawingu, watoto wakiwa shuleni.

Siku ya maonyesho utaziona zikiruka, sikatai, na zikikupitia juu ya kichwa utasisimka hata kama moyo wako ni jiwe. Lakini mbele yako kutakuwa na migongo ya watu na kamera zao, na jioni utarudi nyumbani hujui hata radieta yake imefungwa bawa lipi. Mimi ni fundi. Injini nilijifunzia kwenye malori huko Changamwe, Mombasa, na sasa nashika spana kwenye mabasi ya Leicester. Anayependa hadithi za marubani, au anayetafuta picha nzuri, huenda akapima kwa mizani nyingine. Huu ni uzoefu wangu mimi.

Duxford ni tawi la makumbusho ya vita ya Imperial War Museum, kusini mwa Cambridge, ubavuni mwa barabara kuu ya M11. Ukiwa na gari ni rahisi. Kwa treni unatoka Liverpool Street, London, unashuka Whittlesford Parkway, halafu upange teksi mapema au ujiandae kutembea kama kilomita tatu. Tiketi moja inakuingiza kwenye mahanga yote, yale majengo ya kuwekea ndege. Siku za maonyesho zina tiketi zake. Vaa viatu vya kutembelea. Uwanja ni mrefu, na upepo wa pale hauna adabu hata mwezi wa Juni.

Kilichonivuta kwanza ni kwamba hapa ndege hazikuletwa kwenye jengo la maonyesho, ziko kwao. Tarehe 4 Agosti 1938, Spitfire ya kwanza kabisa kukabidhiwa kikosi cha jeshi la anga la Uingereza ilitua kwenye uwanja huuhuu, kwa Kikosi cha 19. Yale mahanga makubwa yenye kenchi za mbao ni ya tangu Vita vya Kwanza, kwa hiyo unaposimama chini ya paa lile unatazama mbao zilezile walizozitazama mafundi wa 1940 wakisubiri ndege zirudi. Usipite bila kuinua macho.

Sasa nije kwenye hanga la ndege zinazoruka, maana hapo ndipo pesa yangu hurudi. Ndege nyingi humo zina wenyewe, watu binafsi na kampuni, na zinafanyiwa kazi kwelikweli. Kuna kamba ya kukuzuia, lakini nyuma ya kamba kuna ngazi, ndoo za oili, na mtu aliyezama kiunoni ndani ya ndege akitafuta nati iliyomponyoka. Ukibahatika utakuta vifuniko vya pua vimetolewa na Merlin, injini ya Spitfire, iko wazi yote.

Lita 27, silinda 12 zilizopangwa kwa umbo la V. Lori kubwa la masafa marefu lina lita 12 au 13, na lenyewe lina kichwa kizima cha kuzibebea. Hapa zote zimesukumwa ndani ya pua nyembamba kiasi kwamba unajiuliza mkono wa fundi ulipitia wapi. Tangi la oili liko chini ya injini, na tumbo lake ndilo umbo la pua kwa chini. Nyuma ya injini, mbele kabisa ya magoti ya rubani, kuna matangi mawili ya petroli yenye jumla ya lita 386 hivi. Nilisoma habari hizo miaka mingi na hazikunigusa. Kuziona kwa macho, na kupima kwa kidole umbali wa kiti na tangi, ni jambo jingine.

Kulikuwa na mzee mmoja wa wale wanaojitolea kuongoza wageni, jaketi lake limejaa beji. Nikamuuliza kwa nini hawakuiweka radieta mbele, mahali ambapo kila fundi mwenye akili angeiweka. Akacheka, akanizungusha upande wa kulia, akaniinamisha nione chini ya bawa. Radieta iko pale, ndani ya boksi jembamba. Upande wa kushoto kuna kipoza oili. Wabunifu hawakutaka kitu kipana kinachogombana na upepo, na boksi lile limeundwa hivi kwamba hewa ikishapata moto humo ndani inatoka nyuma kwa kasi na kurudisha sehemu ya nguvu iliyopotea. Angani ni ujanja mtupu. Chini ni balaa: magurudumu yakiwa yameshushwa, mguu wa kulia unasimama mbele ya radieta, na upepo wa propela haufiki huko vizuri. Ukiiwasha ukachelewa kuondoka, maji yanachemka. "Ndiyo maana," mzee akaniambia, "ukiona rubani wa Spitfire ana haraka chini, si maringo."

Tukaingia kwenye kabureta, na hapo nikasahau kwamba nilikuja na mtu. Ndege za Wajerumani za Messerschmitt Bf 109 zilikuwa na pampu inayopuliza petroli moja kwa moja kwenye silinda. Merlin ilikuwa na kabureta ya boya, ambayo petroli hukaa kwanza kwenye chemba ndogo kabla ya kuchanganywa na hewa. Rubani wa Spitfire akisukuma pua chini ghafla kumfuata adui, petroli inapanda juu ya chemba, injini inakohoa, kisha inazidiwa na mafuta, na Mjerumani keshaondoka. Aliyepata dawa ya haraka ni mhandisi mwanamke wa kituo cha utafiti wa ndege cha Farnborough, Beatrice Shilling, ambaye pia alikuwa mwendesha pikipiki wa mashindano. Mwaka 1941 alitengeneza kipande kidogo cha chuma chenye tundu lililopimwa lipitishe petroli inayotosha injini ikiwa kwenye nguvu zote, isizidi hapo, na kingeweza kufungwa bila kuiondoa ndege kazini. Hakikumaliza ugonjwa wote, ila kilizuia injini kuzimika. Kipande chenyewe hukioni kwa nje, lakini ukisimama mbele ya injini iliyofunguliwa na mtu akakuonyesha njia ya petroli kwa kidole, unaelewa kwa dakika mbili kitu ambacho kitabu kinatumia kurasa tatu kukieleza.

Kitu kingine nilichokiona hapo, na sijakiona vizuri mahali pengine popote, ni bawa lililovuliwa bati. Kila mtu anasifu umbo la bawa la Spitfire, lile duara refu linalochongoka. Wachache wanajua lilivyoshikiliwa ndani. Mhimili mkuu umeundwa kwa mirija ya mraba iliyochomekwa mmoja ndani ya mwingine. Karibu na mwili wa ndege iko mingi, na kadiri unavyokwenda kwenye ncha inaishia mmoja baada ya mwingine, kama majani ya springi ya lori. Bawa linakuwa gumu panapohitajika ugumu na jepesi panapohitajika wepesi. Ni kazi ya kupendeza sana, na kwa kiwanda ni kazi ya kuumiza kichwa. Serikali iliagiza Spitfire 310 mwezi Juni 1936, na mabawa yalikuwa miongoni mwa mambo yaliyochelewesha kazi. R. J. Mitchell, aliyeongoza ubunifu wake, alifariki Juni 1937 akiwa na miaka 42, kabla kikosi chochote hakijapata hata moja. (Ile ya mfano iliruka mara ya kwanza tarehe 5 Machi 1936 kutoka uwanja wa Eastleigh. Wakenya mtulie: ni Eastleigh ya Southampton, si ya kwetu.)

Hapo pembeni uliza iliko N3200. Hiyo ndiyo Spitfire ya makumbusho yenyewe, na inaruka, kwa hiyo huenda siku yako isiwepo. Tarehe 26 Mei 1940 iliondoka na kiongozi wa Kikosi cha 19, Geoffrey Stephenson, kwenda kuwakinga wanajeshi waliokuwa wakiokolewa Dunkirk, pwani ya Ufaransa. Ikapigwa, naye akaitua ufukweni Sangatte, karibu na Calais. Yeye akachukuliwa mateka na kuishia kwenye ngome ya Colditz, gereza la wafungwa wa vita huko Ujerumani; ndege ikamezwa na mchanga hadi 1986 ilipoonekana tena. Mwaka 2014 iliruka upya baada ya kutengenezwa hapa Duxford, na mwaka uliofuata Mmarekani Thomas Kaplan akaitoa zawadi kwa makumbusho. Ndugu yake P9374, ambayo nayo ilianguka ufukweni Calais siku mbili kabla yake, iliuzwa kwa mnada mwaka huohuo 2015 kwa pauni milioni 3.1. Fedha zilikwenda kwenye mfuko wa kusaidia watu wa jeshi la anga na kwenye uhifadhi wa wanyama wa jamii ya paka, simba na chui wakiwemo. Sikutegemea kukutana na simba kwenye hadithi ya Spitfire.

Wapo watakaokuambia kwamba ndege iliyolala kwenye mchanga wa chumvi miaka 46 haiwezi kurudi angani na bati zake zote, kwa hiyo N3200 ni ndege mpya iliyovaa namba ya marehemu. Nimesikia ubishi huo na siuogopi. Gereji yoyote ya malori ina gari ambalo limebadilishwa injini, gia, kichwa na sehemu za chasi, na mwenyewe bado analiita kwa jina alilolipa siku ya kwanza. Kinachonihusu ni kama kazi imefanywa sawa, na ribiti za ubavuni mwa ile ndege zimenyooka.

Mara ya mwisho nilikwenda na mpwa wangu. Tulipofika kwenye Hurricane, ndege nyingine ya kivita ya Waingereza ya wakati uleule, alitaka kupita. "Mjomba, hii si ile ya pili?" Nikamsimamisha. Mwaka 1940, kwenye mapigano ya kuilinda Uingereza, Hurricane zilikuwa nyingi kuliko Spitfire na ziliangusha ndege nyingi zaidi za adui. Ndani ni fremu ya mabomba ya chuma, na nyuma imefunikwa kitambaa. Risasi ikipita kwenye kitambaa bila kugusa bomba, fundi anashona kiraka na ndege inarudi kazini. Mitchell alinipa ndege ya kuipenda. Sydney Camm, aliyebuni Hurricane, alitengeneza ndege ambayo ningependa kuajiriwa kuitunza. Tena hii imefika kwetu: Hurricane za jeshi la anga la Afrika Kusini ziliruka kutoka Kenya mwaka 1940 na 1941 kupambana na Waitalia waliokuwa Somalia na Ethiopia. Mpwa wangu, mzaliwa wa Nakuru, hakuwahi kufundishwa hilo shuleni. Akaipiga picha nyingi kuliko alizoipiga Spitfire.

Mengine nitayapitisha haraka. Chumba cha operesheni kimewekwa kama kilivyokuwa 1940, na meza ya ramani ambapo wasichana wa jeshi walisukuma alama za ndege kwa fimbo. Kiingie, ni kidogo na kinaeleweka. Hanga la Wamarekani ni kubwa ajabu na lina B-52, ndege kubwa ya mabomu, inayojaza jengo zima, lakini ukianza huko asubuhi miguu yako itakwisha kabla hujafika kwenye Merlin. Concorde, ile ndege ya abiria iliyopita kasi ya sauti, ipo pia. Nilipanda, nikashuka, nikarudi kwenye hanga langu.

Swali la mwisho ninaloulizwa ni kuhusu safari za angani. Ndiyo, zipo Spitfire za viti viwili, abiria anakaa nyuma ya rubani, na bei ni ya maelfu ya pauni kwa dakika chache. Sijalipa. Lakini siku ya kawaida yenye hali nzuri ya hewa unaweza kusimama nje ukatazama wenzako waliolipa wakifungwa mikanda, ukasikia Merlin ikiwashwa karibu kuliko utakavyoisikia siku ya maonyesho. Inaanza kwa kupiga chafya, moshi unatoka kwenye mabomba yake ya pembeni, silinda mbili tatu zinashika kabla ya nyingine, kisha zote zinakubaliana na ardhi inatetemeka chini ya viatu. Halafu inaondoka ikipinda kushoto na kulia, kwa sababu pua ni ndefu na rubani haoni mbele.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: fika mlango unapofunguliwa, anza na hanga la ndege zinazoruka, uliza wazee wa beji kila kitu hata kama Kiingereza chako kinakwama, na safari za angani zikianza toka nje. Kama ni fundi, tenga siku nzima na usimchukue mtu asiyejua kusubiri.