Dawa ya kuoshea injini nyumbani: ipi ununue, ipi uiache dukani

Injini ya Toyota IST au Probox inayozunguka Dar haichafuki kwa oili sana kama watu wanavyodhani, inachafuka kwa vumbi, afu lile vumbi likikutana na oili kidogo inayovuja kwenye gasketi ya tapeti kava (mfuniko wa juu wa injini) ndo unapata ule mgando mweusi ambao maji matupu hayautoi hata usugue vipi. Sasa ukienda maduka ya spea pale Gerezani, Kariakoo, unakuta chupa na madumu ya kila aina na muuzaji anakusukumia ile anayotaka iishe. Nazipanga hapa kwa mtazamo wangu, kuanzia ya kununua mpaka ya kukimbia.

Ya kwanza, bila ubishi, ni degrisa, yaani dawa ya kukata grisi na oili, inayochanganyika na maji. Ukinunua dumu la lita 5 linakaa muda mrefu sana kwa sababu unaizimua mwenyewe: uchafu mwepesi unaweza kuweka kipimo kimoja cha dawa kwa vipimo kumi vya maji, ule mgando wa oili unapunguza maji, lebo itakwambia. Kitu cha kuangalia kwenye lebo ni kama wameandika inafaa kwa alumini, maana zile kali mno zinaacha madoa meupe yasiyotoka, na injini ya 1NZ iliyomo kwenye hizi IST nyingi ni alumini kichwa mpaka bloku. Na hata iliyo nzuri usiiache ikaukie pale juu. Pulizia eneo dogo, subiri dakika chache, piga brashi, suuza, ndo uhamie upande mwingine.

Ya pili itawashangaza: shampuu ya kawaida ya kuoshea gari. Kama injini yako haivuji na ina vumbi tu, huna haja ya degrisa kabisa, chukua shampuu, ndoo, kitambaa kilichokamuliwa vizuri, umemaliza. Sabuni ya vyombo nayo inakata mafuta, tatizo lake ni povu, utasuuza mpaka uchoke na kwenye injini kila lita ya maji unayoongeza ni hatari ya bure.

Ya tatu ni spray ya povu ya kopo. Inafanya kazi haraka, hilo siwezi kuikatalia, ila kopo moja linaisha upesi, nyingi zina kemikali inayoshika moto na ikitua kwenye feni belti belti inaanza kuteleza na kupiga kelele. Nunua kama una sehemu moja tu sugu, mfano chini ya tapeti kava, sio kwa injini nzima.

Mafuta ya taa na dizeli naviweka chini kabisa japo vijana wengi wa kaa wosh ndo dawa yao kuu. Kweli oili inatoka na injini inang'aa, mteja anaondoka kafurahi, lakini yanabaki kama utando na wiki ijayo vumbi limeng'ang'ania kuliko mwanzo, huku mpira wa hosi ukilowa mara kwa mara unavimba na kulegea. Petroli ndo usiguse hata kwa utani. Mvuke wake unaweza kudaka moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, mafuta ya taa yanaanzia kama nyuzi 38 hivi, na injini iliyotoka barabarani iko kwenye nyuzi 90 na ushee, ekzosi ndo usiseme. Cheche moja tu ya betri inatosha. Na ile dawa ya unga ya kuzibulia sinki, kuna mtu humshauri mwenzie atumie, inakula alumini!

Upande wa vifaa, mashine ya presha usinunue kwa kazi hii. Hata zile ndogo za nyumbani zinasukuma maji kwa presha ya baa 100 hivi na yanapenya kwenye soketi ambazo mvua haifiki. Nunua kapampu ka mkono ka lita 2, kale ka kupulizia maua, brashi ya rangi ya inchi 2 na mswaki wa zamani.

Ukitoa lile plastiki la juu la 1NZ utaona koili nne, zile zinazopeleka umeme kwenye plagi, zimekaa mstari mmoja, kila moja imezama kwenye shimo la plagi. Maji yakiingia humo yanatulia, umeme unavuja pembeni badala ya kuruka kwenye plagi, kesho asubuhi gari inamisi na taa ya injini inawaka, fundi anakuuzia koili mpya wakati ilihitaji kukaushwa tu. Kwa hiyo kabla ya tone lolote: injini iwe imepoa mpaka unaweka mkono bila kuutoa, spana namba 10 ufungue hasi ya betri, afu funika kwa mifuko na seloteepu koili, oltaneta (inayochaji betri), fyuzi boksi na mdomo wa ea klina (chujio la hewa). Ukirudisha betri sailensi, yaani mzunguko wa injini gari ikiwa imesimama, inaweza kuyumba kidogo, ni kawaida, itatulia.

Wenye Aqua na Prius, zile za haibridi, nyinyi kitambaa chenye unyevu tu, na nyaya za rangi ya chungwa msiziguse, zina umeme mkubwa.

Ile dawa ya kung'arisha plastiki mwishoni ni hiari. Ukitaka, chukua isiyo na mafuta, inayokauka mkononi, maana ile ya kuteleza inakusanya vumbi. Na kama unang'arisha kwa ajili ya kuuza, mnunuzi mjanja akikuta injini inameremeta kwenye gari ya miaka 20 ndo kwanza anaulizia oili inavuja wapi, bora uiache safi tu bila kuipaka kitu.