TAHADHARI: "Filta ya Jua" ya H-alfa niliyouziwa ni changa la macho

Jamani, mnaotazama Jua kwa darubini na mnaojiandaa kuanza, someni hili kabla hamjamtumia mtu hela. Nimepigwa. Hela imeniuma, lakini kinachonikosesha usingizi ni kwamba kitu chenyewe ningekiweka jichoni.

H-alfa ni ule mwanga mwekundu wa hidrojeni unaotumiwa kuonea ndimi za Jua, yaani gesi ya moto inayochomoza ukingoni mwake. Tangazo lilikuwa tamu: "Filta ya Jua ya H-alfa, inafunga kwenye darubini yoyote, ona ndimi za moto kwa macho yako." Juu yake picha ya Jua la rangi ya dhahabu, matanzi ya moto yamejikunja ukingoni. Bei ilikuwa kipande kidogo tu cha bei ya kifaa halisi, na hapo ndipo ningeshtuka. Sikushtuka. Nilikuwa nimetazama madoa ya Jua kwa miezi kupitia filta ya kawaida ya karatasi ya kung'aa, na hamu ya kuona ndimi ilishanipofusha kabla ya Jua lenyewe. Muuzaji akanibembeleza nilipe nje ya soko la mtandaoni anakouzia, eti anipunguzie. Nikalipa.

Kilichofika ni kijisanduku cha plastiki, na ndani yake kioo cha duara kinachokaribia ukubwa wa kizibo cha chupa ya maji, kwenye pete ya chuma yenye hesi. Yaani kinasokotwa chini ya lenzi ya jicho, ile ndogo tunayochungulia. Hapo moyo ulianza kwenda mbio, maana filta ya Jua ya kusokota kwenye lenzi ya jicho ni balaa linalojulikana tangu zamani. Darubini ndogo za zamani ziliuzwa na vioo vya namna hiyo vyeusi, vikapata sifa mbaya ya kupasuka kwa joto mtu akiwa anachungulia. Mahali pale mwanga umeshakusanywa na lenzi kubwa ya mbele. Lenzi ya milimita 70 inakusanya nuru zaidi ya mara 1,000 ya ile inayoingia kwenye mboni iliyojibana hadi milimita 2 juani. Kioo kikilia "pa!" huna hata muda wa kufumba.

Kwenye pete kulikuwa na kibandiko cha jua linalocheka. Nikakikwangua kwa ukucha. Chini yake, kwa maandishi madogo meupe: "H-α 7nm".

Kwa asiyejua, hiyo ni filta ya kupigia picha nebula, yaani mawingu ya gesi huko angani, usiku. Ni kifaa kizuri kwa kazi yake, na wala sina ugomvi na wanaokitengeneza. Inapitisha wekundu wa hidrojeni wa nanomita 656.28 pamoja na mkanda wa nanomita 7 kuzunguka hapo. Lakini ndimi na nyuzi nyeusi za Jua zinataka mkanda mwembamba mno, kwa kawaida chini ya angstromu 1, yaani chini ya nanomita 0.1. Darubini nyingi za H-alfa za wapenzi wa Jua zina mkanda wa kama angstromu 0.7 au 0.5. Nanomita 7 ni angstromu 70! Ni mara mia ya hiyo 0.7. Mwanga wa kawaida wa uso wa Jua unaingia kwa wingi na kuzifunika ndimi zote. Kwa hiyo hata kama jicho lingenusurika, nisingeona ulimi hata mmoja, ningeona sahani nyekundu inayochoma. Kifaa halisi cha H-alfa kina etaloni (vioo viwili sambamba vinavyochuja mkanda mwembamba), kina filta ya kukatia joto, na kina filta nyingine ya kuzuia mikanda isiyotakiwa. Vitu hivyo haviingii kwenye pete ya unene wa sarafu mbili.

Sikuipeleka juani. Niliishika mbele ya jicho chumbani, nikaelekea dirishani. Niliona fremu ya dirisha, niliona matawi ya mti nje, yote mekundu ya kuiva. Nikaiinamisha kidogo, wekundu ukasogea kuelekea rangi ya machungwa. Nikawasha tochi ya simu, taa ikanikodolea kama jicho la paka. Filta halali ya kutazamia Jua haikuonyeshi dirisha wala mti. Ni giza tupu, labda balbu kali sana ya karibu itaonekana kwa mbali kama kaa linalozimika. Ukiona samani za chumba kupitia filta ya Jua, irudishe. Ila msigeuze jaribio hili kuwa cheti. Taa haikuambii chochote kuhusu mionzi ya infraredi usiyoiona, na giza peke yake si usalama. Picha za eksirei, CD na kioo kilichofukizwa moshi navyo vinaonekana vyeusi, na si salama.

Nikamwandikia muuzaji. "Wateja wengine wanaifurahia," akajibu. Nikamuuliza mkanda una upana gani. "Ni orijino, bosi." Nikamtumia picha ya pete bila kibandiko, nikamwambia hii ni ya nebula na mtu atapofuka. Jibu lake: "Basi tazama Jua likiwa linazama." Baada ya hapo akaniblok. Soko nalo likaniambia halihusiki, kwa kuwa malipo hayakupita kwao. Hapo nimejiroga mwenyewe.

Niliulizia kidogo kwa wenzangu, na mmoja akaniambia duka hilohilo limemuuzia karatasi ya filta ya kufunika mdomo wa darubini. Nikaiomba niione. Haina namba yoyote ya msongamano, yaani kipimo cha jinsi inavyozuia mwanga. Hili ni la kuangaliwa sana, kwa sababu karatasi hizi zipo za aina mbili na kwa macho zinafanana. Ya msongamano 5 inapitisha sehemu 1 kati ya 100,000 ya mwanga, na ndiyo ya kutazamia. Ya 3.8 ni ya kamera tu, na inapitisha takriban mara 16 zaidi. Karatasi isiyoandikwa namba siiweki kwenye darubini yangu, hata kwa bure. Kwenye mfuko walikuwa wamegonga "ISO 12312-2" kwa herufi kubwa. Kiwango hicho kipo kweli, lakini kinahusu miwani ya kutazamia kupatwa kwa Jua na vifaa kama hivyo visivyokuza. Kukigonga juu ya kitu cha darubini hakuthibitishi chochote.

Na ile picha ya dhahabu? Niliitafuta nikagundua imechukuliwa kutoka SDO, chombo cha NASA cha kuchunguza Jua, kilichorushwa angani mwaka 2010. Matanzi yale yamepigwa kwa urujuanimno wa mbali, mwanga ambao angahewa yetu inaumeza wote kabla haujafika ardhini, na rangi ya dhahabu imewekwa na kompyuta. Hakuna darubini ya uani, hata ya gharama gani, itakayokuonyesha picha ile. Muuzaji akikuwekea matanzi ya namna hiyo kama "picha kutoka filta yetu", amejishtaki mwenyewe.

Kwa anayeanza, filta nyeupe ya kweli, yaani ya kupunguza mwanga wote wa Jua kama ile karatasi yangu ya kung'aa, inakuonyesha mambo haya. Madoa, yakiwa na kiini cheusi na ukingo wa kijivu wenye nyuzinyuzi. Mabaka angavu karibu na ukingo wa Jua. Ukingo wenyewe ukiwa na kivuli kuliko katikati. Na hewa ikitulia, punje kama mchele zimetandazwa uso mzima, kila moja upana wake kama kilomita 1,000, zinazozaliwa na kufa ndani ya dakika chache. Ndimi hazimo. Anayekuahidi ndimi kwa karatasi ya filta nyeupe anakudanganya.

Filta hiyo inakaa mbele, mdomoni mwa darubini, imefungwa kwa nguvu upepo usiing'oe, na kila mara naimulikia taa kwanza kuona kama ina tundu. Darubini ndogo ya kulengea naing'oa kabisa, maana hiyo husahaulika nayo inachoma vilevile. Wenye darubini ya lenzi wanaweza kutumia kabari ya Herschel (kipande cha kioo kinachotupa nje sehemu kubwa ya mwanga na joto), ambayo haifai kwa darubini inayokusanya mwanga kwa kioo kilichopinda badala ya lenzi. Au turudi kwa wazee: kuakisi Jua kwenye karatasi nyeupe kwa darubini rahisi ya lenzi, njia ambayo Galileo alichorea madoa mwaka 1612 baada ya kuonyeshwa na mwanafunzi wake Benedetto Castelli. Msimwache mtoto akapita karibu na lenzi, basi.

Na mkishatazama kwa kitu cha kutilia shaka, msisubiri maumivu. Retina haina neva za maumivu. Doa la giza katikati ya kile unachokitazama linaweza kujitokeza saa kadhaa baadaye, nenda kwa daktari wa macho siku hiyohiyo.

Kama umenunua kioo cha aina hii, kikwangue kibandiko uone kilichofichwa, na usikiuze kwa mwingine. Tangazo bado lipo hewani. Duka limebadilisha jina wiki hii, ila picha ni zilezile, na ukiikuza ya tatu utaliona jua linalocheka kwenye pete.