Sauti ya TV Inapanda na Kushuka: Usikimbilie Kununua Saundiba

Habari zenu wadau, karibuni. Leo mezani hakuna TV mpya wala simu. Nimeleta lile swali ambalo halikosekani kwenye maoni yenu: unaangalia filamu, wahusika wanaongea kama wanaogopa kusikika, unapandisha sauti, unapandisha tena, halafu ghafla gari linalipuka na mtoto aliyelala anaruka kitandani. Unashusha. Wanarudi kunong'ona. Usiku mzima umeshikilia rimoti kama mlinzi wa geti.

Na swali linakuja hivi hivi kila mara: "Kaka, ninunue saundiba gani?", yaani ile spika ndefu nyembamba ya kuweka mbele ya TV. Subiri kwanza. Mara nyingi dawa imo ndani ya menyu ya TV yako na hulipii hata senti. Leo nachambua hizo dawa, nikuambie ipi inatibu na ipi ni jina tu la kupamba boksi.

Chanzo chake nini? Filamu na tamthilia nyingi za strimingi zinakuja na sauti ya 5.1. Maana yake ni njia sita za sauti: kushoto, kulia, katikati, mbili za pembeni nyuma, na moja ya besi. Maongezi karibu yote yamepita njia ya katikati. Sasa geukia TV yako. Ina spika mbili, nyembamba, tena zimeelekezwa chini au ukutani. Hakuna ya katikati. Kwa hiyo TV inazichanganya njia zote na kuzipitisha kwenye hizo mbili, na sauti ya mtu anayeongea inajikuta inagombania nafasi na muziki, risasi na ngurumo.

Halafu filamu yenyewe imetengenezwa hivyo makusudi. Netflix inawataka watengenezaji wapime sauti kwa kufuata maongezi, yakae karibu na -27 LKFS, kipimo cha ukubwa wa sauti. Televisheni za Ulaya zinazofuata kiwango cha R128 cha mwaka 2010 zinapima kipindi kizima na kukiweka kwenye -23. Kadiri namba inavyozidi kwenda hasi, sauti iko chini zaidi. Maongezi yakikaa chini hivyo, mlipuko unabaki na nafasi kubwa ya kupanda. Kwenye ukumbi wa sinema ni raha tupu. Sebuleni saa nne usiku ni ugomvi na majirani.

Sasa fanya hivi. Filamu ikiwa inacheza, fungua sehemu iliyoandikwa Audio & Subtitles. Ukikuta lugha ile ile imeorodheshwa mara mbili, moja ina 5.1 na nyingine haina, chukua isiyo na 5.1. Hiyo ni stirio, ya spika mbili kama zako. Huioni? Basi nenda kwenye kifaa chenyewe, TV au ile stiki ya strimingi uliyochomeka kwenye TV. Kwa wenye Google TV, ingia Settings, kisha Display & Sound, tafuta Advanced sound settings, na kwenye uchaguzi wa fomati weka None. Kwa wenye Fire TV, kwenye Surround Sound chagua PCM. Hapo umekiambia kifaa kiache kutuma sauti ya 5.1, kikuletee stirio.

Hii naipa nane kwa kumi. Utasikia maongezi yamesogea mbele, hasa zile tamthilia zenye muziki unaolia chini kwa chini muda wote. Mbili nimezizuia kwa sababu kuna filamu mwigizaji anamung'unya maneno tangu siku ya kurekodi, na hapo hakuna menyu itakayomfumbua mdomo. Washa maandishi tu. Na wewe mwenye home theatre ya spika tano, hili si lako. Usiguse 5.1 yako, nenda kapandishe spika ya katikati peke yake.

Dawa ya pili ndiyo wengi mmeiona na kuipita: sauti ya kujirekebisha. Samsung wanaiita Auto Volume, utaikuta ndani ya Expert Settings. Sony wana Advanced Auto Volume. Kazi yake ni kushusha kinachopiga kelele na kunyanyua kilicho chini. Kwa filamu za usiku inasaidia kweli. Lakini iweke kwenye mpira uone. Mtangazaji akinyamaza kuvuta pumzi, TV inadhani sauti imepungua, inanyanyua kelele za uwanjani, zinakuja kama wimbi. Akianza kuongea tu, mashabiki wote wanazamishwa. Dakika tisini za hivyo, kichwa kinauma. Mimi naiwasha kwa filamu na kuizima kwa mpira, na inaniudhi kwamba kwenye TV nyingi lazima uchimbe menyu tatu kuifikia. Waweke kitufe kwenye rimoti, jamani! Pale penye vitufe vinne vya programu ambazo hata hatujalipia.

Kwa wenye Prime Video, kuna kitu kinaitwa Dialogue Boost, kilitoka 2023. Kinanyanyua maongezi peke yake badala ya kupandisha kila kitu. Kizuri sana, ila hakipo kwenye kila filamu. Angalia kwenye orodha ya lugha za sauti.

YouTube ni kesi nyingine. Hapa shida ni video moja kuwa chini na inayofuata kukupasua masikio. Njoo nikuonyeshe kitu. Kwenye kompyuta, bonyeza kulia juu ya video, chagua Stats for nerds. Ona mstari wa Volume / Normalized. Mwisho wake kuna namba inaitwa content loudness. Ikiwa chanya, tuseme 5 dB, YouTube inaishusha video hiyo yenyewe. Ikiwa hasi, tuseme -9 dB, mfumo huo hauinyanyui, unaiacha ilivyo. Ndiyo maana filamu fulani za Bongo zilizopakiwa sauti ikiwa chini unaziangalia kwa kutega sikio. Kosa hilo ni la aliyepakia, TV yako haina hatia. Kwenye simu, gusa alama ya gia uone kama Stable Volume imewashwa, inapunguza hiyo tofauti.

Matangazo? Hapo sina dawa kamili. Marekani walipitisha sheria ya CALM mwaka 2010, ikaanza kazi Desemba 2012, kuzuia matangazo yasipige kelele kuliko kipindi. Ila ni ya televisheni za kawaida na kebo, strimingi haikuguswa. California ndiyo ikasaini ya kwake ya strimingi mwaka 2025, kuanza Julai 2026. Kwetu huku, Auto Volume na kidole kwenye kitufe cha kuzima sauti.

Kabla hatujafika dukani, angalia TV imekaaje. Spika zinazoangalia chini zinategemea meza igonge sauti na kuirudisha kwako. Kile kitambaa cha kufuma kilichotandikwa hadi mbele ya TV kinaimeza. Kisogeze tu, mama hatajua. Na mvua ikipiga kwenye bati, usiilaumu Netflix.

Umefanya yote hayo na bado? Sasa twende kwenye saundiba. Usidanganyike na wati zilizoandikwa kwa maandishi makubwa. Tafuta 3.1. Ile tatu inamaanisha kushoto, kulia na spika halisi ya katikati ya maongezi. Ya 2.1 itakupa sabufa, ile spika ya besi, bila hiyo ya katikati, maana yake ule mlipuko ulioukimbia utakuja na mtetemo juu yake. Iunganishe kwa HDMI kwenye tundu lililoandikwa ARC, siyo Bluetooth, maana Bluetooth mara nyingi inachelewesha sauti na midomo haiendani na maneno. Muuzaji akikwambia 2.1 na 3.1 ni kitu kimoja, mwombe aiwashe palepale dukani, aweke taarifa ya habari, siyo muziki.